Sura ya Tisa: Kidole Gumba cha Marehemu

"Kidole ni chake," alisema mkuu wa upelelezi, akalitupa jalada mezani kwa Inspekta Zénon kama mtu anayetupa samaki aliyechina. "Mtaalamu wa alama amelinganisha na kitambulisho. Mistari ile ile, kovu lile lile. Mzee Hamimu ameweka kidole chake kwenye wosia ule. Funga."

Zénon hakulifunga. Alilifungua.

"Umenisikia?"

"Nimesikia, chef."

"Wiki hii peke yake wameokotwa watu kumi na mmoja kando ya barabara. Nchi inaungua. Na wewe wiki ya tatu sasa unahangaika na kidole cha mzee aliyekufa kitandani kwake, juu ya shuka."

"Hao kumi na mmoja, chef, anawapeleleza nani?"

Mkuu alitazama dirishani, ambako barabara ya Rohero ilikuwa tupu kwa kukosa petroli, isipokuwa baiskeli tatu na lori moja la jeshi.

"Alhamisi hakimu anatoa hukumu," alisema. "Ukiwa na kitu, mpelekee. Ukiwa huna, usinitie aibu." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne, mwaka wa tisini na nane.

Jambo lenyewe halikuwa refu. Mzee Hamimu aliuza vipuri vya magari mtaa wa Asiatique kwa miaka arobaini, duka mbele, vyumba vya kuishi nyuma. Mwezi wa kwanza katikati alipooza upande mmoja, akalala, asinyanyuke tena. Alfajiri ya tarehe tano mwezi wa pili akafariki. Alimwacha mkewe Adija, binti mmoja, Saliha, na Tajudini, mtoto wa marehemu ndugu yake. Mafungu ya urithi kwa Waislamu yanajulikana hata na watoto wa madrasa: binti nusu, mjane thumuni, na kinachobaki kinakwenda kwa mwanamume wa ukoo. Katika nane, Tajudini alikuwa na tatu zake, halali, hakuna aliyemnyima. Yeye akazitaka zote nane.

Baada ya arobaini akatoa karatasi iliyopigwa taipu, na chini yake kidole gumba cha marehemu: nyumba na duka, vyote kwa Tajudini. Hakuipeleka kwa masheikh. Masheikh wangemwambia kwamba wosia hauvuki theluthi, tena mrithi hausiwi. Aliipeleka mahakama ya serikali, ambayo haiulizi aya, inauliza karatasi, tarehe na shahidi. Na wakati aliuchagua kwa akili. Adija alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, havuki kizingiti. Mahakama ilimwita mara mbili. Mara mbili karani akaandika: *mdaiwa hakufika*. Saliha alikwenda kusimama badala ya mama yake, akaambiwa nyumba anaikalia mama, mama ndiye anayedaiwa, mama ndiye ajibu. Ndipo alipokuja polisi kushtaki kwamba wosia ni wa kughushi. Sheria husema kesi ya urithi husubiri pale penye jinai, lakini haisubiri maneno. Husubiri kitu cha kushika mkononi. Kama Alhamisi Zénon hana kitu, Ijumaa makufuli yanabadilishwa.

Wizi haukumkera Zénon. Wizi alikwisha kuuzoea. Kilichomchoma ni kwamba mwizi huyu alichukua msiba wa mama yule, akausokota kamba, akamfungia nayo.

Saliha alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mwalimu wa shule ya msingi, vumbi la chaki bado kwenye ukingo wa mkono wa gauni.

"Ni kidole chake?" aliuliza.

"Ni chake."

Hakulia. "Basi baba ametufukuza."

"Sijasema hivyo. Nimesema kidole ni chake."

"Kidole na mwenye kidole si kitu kimoja, Inspekta?"

"Si kila siku."

Alikaa kando yake, akaweka nakala ya wosia magotini. Alikuwa ameitazama mara ishirini, lakini macho ya mtu aliyetukanwa huona zaidi. Aliweka kidole gumba chake juu ya karatasi, pale pa kutia sahihi. Ncha ya kidole ikaelekea juu, kwenye maandishi. Ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu anayeketi mbele ya karatasi yake. Akatazama alama ya Mzee Hamimu. Ncha ilielekea chini.

"Mwalimu, tazama hapa. Kiko kichwa chini miguu juu."

Saliha alitazama. "Kama mtu aliyeketi ng'ambo ya karatasi."

"Au mtu aliyelala, na karatasi ikaletwa chini ya mkono wake na mwingine aliyesimama." Alisema polepole. "Asubuhi ile, nani alibaki na marehemu?"

"Tajudini. Mama alikwenda kuwaambia majirani. Mimi nilikuwa uani nachemsha maji ya kumwoshea." Akaongeza: "Na Maxime. Yule mwandishi wa barua. Amri ya kutotoka usiku ilipokwisha tu, alikuwa mlangoni na mkoba wake. Nilijiambia, huyu Mkristo ana roho nzuri, ametangulia hata majirani."

Maxime ndiye aliyeupiga taipu wosia ule, na ndiye shahidi wake wa pekee. Zénon alivaa kofia.

Maxime alikuwa na meza yake Asiatique, kwenye baraza la duka lililofungwa tangu vita vianze, mashine ya kuandikia mbele yake, miwani imefungwa kwa uzi sikioni.

"Inspekta, keti," alisema. "Unataka barua ya mapenzi ao ya kuomba kazi? Ya kazi nakuandikia bure, kazi yenyewe apana iko."

"Nataka hii." Zénon aliweka nakala mezani. "Kidole kimegeuka. Aliyekiweka hakuwa ameketi."

Maxime alisogeza miwani, akasoma kazi yake mwenyewe kwa raha. Kisha akacheka, kicheko kifupi, cha puani.

"Keti pale kwa muteja. Pale, ngambo. Leta kidole." Alichukua karatasi tupu, akaiweka mbele yake mwenyewe kama mtu anayetaka kuandika, akasogeza kitambaa chenye wino. "Gusa wino. Gusa karatasi."

Zénon aligusa. Maxime akainua karatasi ile, akampa. Ncha ilielekea chini.

"Machine iko huku, mi niko huku, muteja iko ngambo," alisema Maxime. "Karatasi sigeuzi. Nikigeuza inachafuka. Miaka kumi na tisa sigeuzi." Alifungua droo, akatoa nakala za watu wengine, mauzo ya mbuzi, talaka, mkataba wa chumba. Vidole vyote, wazee kwa vijana, vilikuwa kichwa chini. "Ungeuliza tu, Inspekta. Ungekuja na mguu polepole."

Hoja yote ya Zénon ilikuwa imelala pale juu ya meza, imekufa.

"Asubuhi ya msiba ulikwenda kwake."

"Kupa pole. Ni kosa?"

"Kabla ya majirani?"

"Mi naamuka mapema."

"Na mkoba?"

"Mutu wa kazi na mukoba wake, kama padri na kitabu."

"Wosia uliandikwa lini?"

"Soma. Tarehe tisa, mwezi wa kumi na mbili. Mzee alikuja na fimbo yake, akakaa kiti hicho hicho unakalia. Mukono ulikuwa unatetemeka, akasema, Maxime, sahihi yangu itakuwa kama njia ya kuku, wacha niweke kidole."

"Shahidi mwingine?"

"Mungu," alisema Maxime, "na Tajudini."

Kwa kweli mwezi wa kumi na mbili Mzee Hamimu alikuwa bado anatembea, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Saliha mwenyewe alikwisha kulisema hilo. Kila kitu kilikaa mahali pake, kama kaburi lililosakafiwa. Zénon aliinuka bila kuaga.

Hatua hamsini mbele palikuwa na bomba la maji kwenye ua wa gereji. Alinawa. Wino haukutoka. Akaomba sabuni kwa fundi, akasugua. Kidole kikabaki zambarau, kama kimetiwa hina na mpumbavu. Alisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikauma, na hasira zake zote akazimalizia pale, juu ya kidole kile kisicho na kosa. Fundi wa gereji alikuwa akimtazama.

"Umetoka kwa Maxime," alisema fundi. "Usijiumize bure. Hiyo inatoka yenyewe, wiki moja."

Zénon alilifunga bomba. Alisimama na mikono inachuruzika, kichwani mwake akimwona Saliha uani kwao, alfajiri ile, akichemsha maji.

Akarudi kwenye baraza.

"Wino gani huu?"

Maxime hakuona mtego, kwa sababu alikuwa anaulizwa habari ya ustadi wake. "Embargo, chef, mipaka imefungwa. Wino ya muhuri apana iko tangu mwaka juzi. Nanunua dawa ya vidonda pale pharmacie, ile ya zambarau, nachanganya na sabuni kidogo. Inashika kuliko ya wazungu. Wateja wananung'unika, nawaambia, shukuruni, ukiwa na kidonda kimepona."

"Inakaa siku ngapi?"

"Sita. Saba kwa mutu mwenye ngozi nguvu."

"Asante," alisema Zénon, na mara hii aliaga.

Njiani alilipanga jambo lile kama mtu anayepanga matofali. Tarehe tisa mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe tano mwezi wa pili ni karibu miezi miwili. Zambarau ya Maxime haivuki wiki. Kama kidole kiliwekwa siku iliyoandikwa, siku ya kufa kilikuwa safi. Kama siku ya kufa hakikuwa safi, basi kiliwekwa mzee akiwa kitandani, hawezi kufika kwenye kiti cha Maxime hata kwa kubebwa. Nani alikitazama kidole kile siku ya mazishi? Mke na binti, hapana. Maiti wa kiume huoshwa na wanaume, na kabla ya jua kuzama alikwisha kuzikwa. Maxime alijua kuandika wosia wa Kiislamu, Bismillahi juu na tarehe chini, lakini kwao Wakatoliki wa mtaa wa Kinanira marehemu huvalishwa suti, mikono ikafungwa kwa rozari, na hakuna anayechungulia kidole. Hakujua kwamba Mwislamu humtia maiti wake udhu kama anayekwenda kusali. Huanza na mikono. Husugua. Hurudia mara tatu.

Tajudini alijua. Lakini mtu aliyekwisha kubonyeza kidole cha maiti hawezi tena kukata kidole chenyewe.

Kesho yake, Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, Zénon aliingia ua mmoja wa Buyenzi, barabara ya kumi na mbili. Mzee Abdu alikuwa ameketi juu ya mkeka anagonga bati, ndoo moja mbele yake haijapata kitako. Kazi yake ilikuwa ndoo na koroboi. Sadaka yake kwa mtaa ilikuwa kuosha maiti, na Mzee Hamimu ndiye aliyemwosha.

"Amahoro, mzee wangu."

"Amahoro, mutoto wangu. Karibu. Kiti ni ile debe."

Zénon aliketi juu ya debe, akaweka mikono magotini. Nyundo ya Abdu ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikabaki juu. Mzee alikuwa akitazama kidole gumba cha mgeni wake.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa Maxime. Mzee wangu, umepata kuona kidole kingine kama hiki?"

Abdu aliishusha nyundo chini taratibu, kama inaweza kuvunjika.

"We ni nani?"

Zénon alijitaja jina na kazi, akataja kesi ya Mzee Hamimu, akataja Alhamisi.

"Mi sina kitu ya kusema," alisema Abdu. "Siyo ya kukukosea heshima. Mutu anaosha maiti, anaona mengi. Jicho lilikataa kufunga. Uso uligeuka rangi. Vya tumboni vilitoka. Anafunika. Akitoka kile chumba, macho yake anayaacha pale. Tumefundishwa hivi: anayemfichia maiti, Mungu atamfichia na yeye. Unataka nivunje hiyo, kwa karatasi ya serikali?"

"Aibu ya maiti ifunikwe, mzee wangu, sawa. Wino si aibu yake. Hakujipaka. Ni aibu ya mtu aliye hai."

"Umesoma. Neno nzuri."

"Siyo neno." Sauti ya Zénon ilipanda, hakuizuia. "Kuna mama ameketi ndani mwezi wa tatu huu kwa kufuata sheria ile ile unayonisomea. Anaitwa mahakamani, hatoki, kwa sababu anamheshimu mumewe. Tajudini anaitumia heshima yake kumtoa nyumbani, na anaitumia heshima yako kujifunika. Kesho, nyinyi wawili mmefanya dini, na yeye amepata nyumba. Niambie nani katika nyinyi watatu atakayecheka."

Mzee Abdu alijibu kwa sauti ndogo, na hasira yake ilikuwa ya zamani kuliko ya Zénon.

"Tangu vita ilianza, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tatu, mi naosha. Unajua wangapi? Kijana ya muke wa mwokaji, matundu saba mugongoni. Nimeyaziba kwa pamba, moja moja, na nikahesabu ili kesho serikali ikija kuuliza niseme saba, nisiseme sita. Mutu na mutoto wake, wamefungwa kamba moja, kamba ile nilitambua ni ya wapi. Gari iliyowaleta nilitambua. Kila mara najiambia, wanakuja kesho. Maneno nimeyaweka tayari, kama chai ya mugeni. Karibu miaka tano. Chai imelala. Apana mutu alikuja, hata kupotea njia. Leo, serikali ndiyo hii imekaa juu ya debe yangu, na inauliza wino."

Zénon alishika alichoweza kushika. "Umesema yanabaki kule chumbani."

"Aibu ya maiti inabaki. Risasi siyo aibu yake. Ni ya mutu aliye hai." Abdu alimkazia macho. "We ndiye umesema, sasa hivi. Nimekupenda kwa hilo neno."

Kuku alipita kati yao, akadonoa kipande cha bati, akakiacha.

"Nitasema ya kidole," alisema mzee. "Lakini hutaandika kidole peke yake. Ukiandika ya Hamimu, utaandika na ya wengine. Kama kalamu yako inaogopa, iweke mufukoni, unywe maji, uende salama."

Zénon alijua vizuri alichoombwa. Katika ofisi yake maneno ya namna ile hayakukataliwa, hayakupokelewa tu. Inspekta aliyeandika majina ya wenye magari alihamishwa kusini, au hakuhamishwa, akaokotwa kando ya barabara. Alikuwa na mke na watoto wawili. Alifikiri habari zao. Akafikiri pia namna alivyomjibu mkuu wake jana, kwa ulimi mkali, *hao kumi na mmoja anawapeleleza nani*, kama mtu asiyekuwa askari katika ofisi ile ile. Ilikuwa rahisi kuuliza.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi za kuandikia ushahidi na kalamu.

"Jina kamili, mzee wangu. Mwaka wa kuzaliwa. Kazi."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Mzee Hamimu. Abdu alisema polepole, akingoja kalamu. Walimwosha saa nne asubuhi, yeye na msaidizi mmoja. Tajudini alisisitiza kumimina maji kwa mkono wake, na sabuni alishika yeye. Walipofika mkono wa kulia, kidole gumba kilikuwa zambarau, tena kibichi. Zambarau ilipenya pamba, ikagusa sanda, wakalazimika kukata kipande na kutia kingine. Abdu aliuliza ni nini. Tajudini akasema ni dawa, mzee alijikata.

"Ulikiona kidonda?"

"Ngozi ilikuwa nzima kama ya mutoto."

"Uliona zambarau mahali pengine mwilini?"

"Pale tu. Upande wa ndani wa kidole, ule wa kubonyeza."

Mwisho wa ukurasa mzee alitia sahihi, na Zénon akatia yake. Kisha akachukua karatasi ya pili, akaandika juu yake nambari mbili. Abdu alianza na kijana wa mke wa mwokaji.

Walipomaliza, muadhini alikuwa anaadhini alasiri. Zilikuwa kurasa tisa, na Zénon akaandika hesabu hiyo chini ya kila mmoja.

Alhamisi saa mbili asubuhi Tajudini alikuwa ukumbini mwa mahakama, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, manukato yanamtangulia. Saliha alikuwa mwisho wa benchi, amejikunja kama anayesikia baridi.

"Inspekta," alisema Tajudini, "umekuja tupokee funguo pamoja? Nitakupa chumba kimoja. Kwa wapangaji mi siyo mubaya."

"Kaa hapo hapo," alisema Zénon. "Usiende mbali."

Hakimu Adélaïde alikuwa mwanamke wa makamo, sauti kavu, sweta mabegani ingawa jua lilikuwa limekwisha kuchoma. Alisoma ukurasa wa kwanza mara mbili.

"Inaweza kuwa dawa kweli."

"Mama na binti nimewahoji jana jioni, kila mmoja peke yake. Dawa hiyo haikuingia nyumba ile. Na mzee kwa wiki tatu hakushika kisu wala wembe. Hakuweza kushika kijiko."

"Maxime?"

"Ameniambia kwa mdomo wake wino ni wa aina gani na unakaa siku ngapi. Fundi wa gereji jirani amesema siku zile zile. Maneno ya wote nimeyaandika, yamo humo jaladani."

"Haitoshi kumfunga mtu."

"Najua, mheshimiwa."

"Inatosha kusimamisha hukumu." Aliuvuta muhuri karibu. Kisha akafunua ukurasa wa pili, kwa desturi tu, kama mtu anayefunga kitabu. Akasoma mstari. Akasoma mwingine. Mkono wake ulirudi nyuma, ukaacha muhuri.

Alisoma mpaka mwisho. Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika wote, kutoka mlango wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Haya si ya wosia," alisema.

"Ni maneno ya shahidi yule yule, siku ile ile, mbele yangu."

"Kuna majina hapa. Ya watu walio hai. Mmoja wao nimemwona juzi, ananunua mkate."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Toa hizi nane. Nitakupigia muhuri hii moja, yule mama abaki kwake, na wewe ubaki na kichwa chako."

"Hazitoki. Nambari zinafuatana, kila ukurasa una sahihi mbili, na mwisho wa ule wa kwanza imeandikwa *moja katika tisa*. Ukitoa karatasi moja, hati yote imebatilika, na wakili wa Tajudini ataliona hilo kabla hajaketi. Ndiyo sheria, si mimi. Na kama mzee Abdu ni wa kuaminiwa kwa kidole, mheshimiwa, sijui tutasema ni mwongo kuanzia wapi."

Hakimu alivua miwani. Uso wake ulikuwa umekasirika hasa, na Zénon alishukuru kuuona. Tangu Jumanne alikuwa amebeba hasira peke yake.

"Unajua unachonifanyia?"

"Najua. Nilifanyiwa hivyo hivyo jana, juu ya debe."

Mlango haukufungika vizuri, na kwa upenyo wake walimwona Saliha kwenye benchi. Tajudini alikuwa amesimama mbele yake, anazungusha pete ya funguo kwenye kidole, anasema kitu kwa tabasamu. Saliha alikuwa anatazama sakafu.

Hakimu Adélaïde aliutazama upenyo ule, akavaa miwani, akashika muhuri. Ulishuka kwa kishindo kwenye ukurasa wa kwanza, na wino wa mahakama ulikuwa mweusi, mkavu, karibu hausomeki, akarudia. Akafunua. Ukashuka kwenye wa pili. Alipiga mpaka wa tisa bila kuinua kichwa, na kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka Tajudini ukumbini akaacha kuzungusha funguo, akageuka kusikiliza.

"Mwambie yule binti arudi kwa mama yake," alisema hakimu. "Kesi imesimama. Maxime na huyo mwenye kanzu niletee saa tano, kila mmoja na mlango wake. Na wewe, Inspekta, toka ofisini kwangu, kabla akili haijanirudia."